Mpwa Wangu na Daftari la Chanjo

Nilikuwa sheha wa mtaa mmoja wa Mgogoni kwa miaka kumi na kidogo. Nilianza kabla ya vita vya pili, nikaacha vilipokwisha. Sikuutafuta usheha. Aliyenitangulia alipofuka macho, mudiri, mkubwa wa serikali wa wilaya yetu, alikuja siku ya Ijumaa, akakaa nasi kwenye baraza ya msikiti baada ya sala, akauliza nani hapa ajuaye kuandika. Watu wakanitazama. Nilikuwa nimesoma skuli ya serikali miaka minne kabla baba yangu hajanirudisha shamba. Mudiri akaniuliza kama nimeoa, na kama nina kesi na mtu yeyote. Nikamjibu nimeoa, kesi sina.

"Basi wewe," akasema, akavaa viatu vyake akaondoka.

Amri zote za serikali zilitoka kwa Wazungu, zikaja kwa mudiri, na mudiri akatupa sisi masheha tuzifikishe majumbani. Na shida za majumbani zilipanda kwa njia hiyo hiyo. Mtu akizaliwa au akifa, mimi niandike. Ng'ombe akiuzwa, mimi niwe shahidi. Mbuzi wa huyu akila muhogo wa yule, wote wawili waje ukumbini kwangu, wakae mpaka wachoke kugombana. Kila Jumatatu nilikwenda kwa miguu hadi kwa mudiri na daftari langu ndani ya kikapu cha ukindu, nikamsomea ya wiki nzima. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu, mkimya, mwenye kusikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Kweli yote hiyo?" Nami nikajibu kweli.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu, wa kike, mdogo wangu kwa miaka minne. Mumewe, mtu wa Gando, alikufa mapema, naye mdogo wangu akarudi kukaa karibu nasi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alizaa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alichanjwa ndui angali mchanga, mkono ukavimba, akashikwa na homa, na siku ya tisa tukamzika. Daktari alisema homa ile haikutokana na chanjo. Mdogo wangu hakubishana naye. Alisema tu kwamba aliupeleka mkono mzima na akarudishiwa mkono uliooza, na mengine hayajui.

Wa pili alikuwa msichana. Mimi na mke wangu hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo mpwa wangu huyu alikuwa na nyumba mbili. Alitoka chuo cha Kurani adhuhuri na juzuu yake kifuani, akaja kula kwetu, kisha akaenda kula tena kwa mama yake, kila upande akidai hajala. Aliniigiza mwendo wangu wa Jumatatu: anajitia kikapu mkononi, anakaza shingo, anapita uani taratibu, na akifika mlango wa jikoni anamwamkia mke wangu, "Shikamoo, Bwana Mudiri." Mke wangu alicheka mpaka akaacha chungu kiungue. Mtoto alikuwa na miaka minane.

Mwaka ule wa ndui ulikuwa mwaka mgumu hata kabla ya ndui. Mchele kutoka nje ulikuwa umekatika kwa sababu ya vita, watu walikula muhogo asubuhi na jioni, na nguo zilikuwa adimu hata sanda ilipatikana kwa kuandikiwa cheti. Mwenye kuandika cheti ni mimi. Kisha Jumatatu moja mudiri akatuambia masheha kwamba ndui imeingia kisiwani. Mtu yeyote mwenye homa na vipele, sheha apeleke habari siku ile ile. Mgonjwa atatolewa kijijini apelekwe karantini, ambayo ilikuwa banda la makuti lililojengwa pwani, upande wa pili wa mikoko. Hatoingia humo mtu mwingine isipokuwa aliyekwisha kuugua ndui akapona, au aliyechanjwa na chanjo yake ikashika.

"Na sheha akificha?" mmoja wetu aliuliza.

Mudiri alifumbua macho. "Sheha hafichi," akasema.

Wa kwanza kwetu alikuwa mtu wa bara. Alikuja zamani kuchuma karafuu, akabaki, akajenga kibanda pembezoni mwa shamba la bwana mmoja, yeye na mkewe. Mkewe alikuja kwangu alfajiri kunambia mumewe anawaka moto na uso umetoka vitu. Nilikwenda, nikasimama mlangoni, nikamwona. Sikurudi hata nyumbani kunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa mudiri, na kabla ya adhuhuri watu wanne walikuwa wamembeba kwenye kitanda cha kamba. Mkewe alifuata nyuma na mkeka umekunjwa kichwani.

"Sheha," akaniuliza, "mtanirejeshea?"

"Akipona atarudi," nilisema. Nilijiona nimefanya kazi yangu sawasawa, na watu waliniambia hivyo hivyo.

Alipona. Alirudi baada ya wiki kadhaa, uso wote umejaa mashimo na jicho moja limeingia ukungu, akarudi kulima pale pale.

Lakini alipokuwa bado karantini, ilikuja amri ya kuchanja watu wote. Niliandika majina ya mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kila mtu na mstari wake. Mchanjaji angekuja Alkhamisi. Mimi nikae kando yake na daftari, na kila anayechanjwa nitie alama mbele ya jina lake.

Jumanne yake mdogo wangu alikuja ukumbini. Alijua nina kazi, akangoja mpaka watu wote watoke.

"Kaka, mie nakwenda Gando," akasema. "Nakwenda na mtoto kwa bibi yake. Tutakaa wiki."

"Alkhamisi mchanjaji yuwaja."

"Najua."

Nilimwambia safari hii dawa ni nyingine, nikamwambia ya karantini, nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nitachanjwa wa kwanza mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimezika mmoja kwa mkono wa mchanjaji. Sikuombi ruhusa, kaka. Nakuomba usituulize. Ututie alama kama wenzetu, basi, wasije kutufuata Gando."

"Mudiri ataniuliza kama ni kweli."

"Chamba huwezi, sema huwezi," akasema. "Mie sitokulaumu."

Sikusema siwezi. Ningeweza kusema. Neno ni moja tu na lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amesimama pale ameshika ncha ya buibui lake kama alivyokuwa akishika nguo ya mama yetu, na mimi nilikuwa mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimwomba hili na lile kutwa, nami nikiwakatalia wengi; nikaona mtu huyu mmoja nina haki ya kumpa. Nikamwambia nenda, lakini usikae sana.

Siku ya Alkhamisi walichanjwa watu wa kila nyumba. Mke wa yule mtu wa bara alikuwa mstari wa mbele, akanyoosha mkono wake bila kuangalia kando. Mchanjaji alipofika kwenye jina la mdogo wangu na la mwanawe akauliza wako wapi. Nikamwambia wamechanjwa asubuhi, mapema, ulipokuwa unapanga vitu vyako, aliyewachanja ni mwenzako. Alikuwa na msaidizi ambaye alikuwa amekwisha tangulia nyumba nyingine. Akasema haya. Nikatia alama mbili. Jumatatu nikamsomea mudiri hesabu ya waliochanjwa, akauliza, "Kweli yote hiyo?" nami nikasema kweli.

Ndui ilikuwa Gando. Hatukujua. Huko kulikuwa na nyumba iliyoficha mgonjwa, na mpwa wangu alicheza na watoto wa nyumba ile wiki nzima.

Walirudi wote wazima. Mtoto alinionyesha kombe za pwani alizookota, akanihesabia. Siku kama tano baadaye alikuja kwetu adhuhuri asitake kula. Mke wangu alimgusa shingo, akanitazama. Tukampeleka kwa mama yake, akalala. Homa ile haikushuka siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu asubuhi mdogo wangu aliniita, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwenzake aje kuona kuku kataga. Mtoto alikuwa amelala chali. Kwenye paji la uso na kuzunguka mdomo vilikuwa vimetoka vipele vidogo vidogo.

"Ni surua," mdogo wangu akasema.

Nilikwisha kuona ndui. Nilijua, na yeye alijua.

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilijisemea mwenyewe kwamba nilinyamaza kwa huruma. Huruma ilikuwapo. Lakini palikuwa na jambo jingine. Nikipeleka habari, mudiri atafungua daftari, ataona alama mbele ya jina la mtoto, ataniuliza. Nilikaa kitako chini pale kando ya kitanda, mpwa wangu anauma meno kwa homa, na mimi nawaza nitamjibu nini mudiri. Nikasema tungoje kidogo tuone. Tukangoja siku mbili. Mke wangu hakusema nami siku zile mbili. Siku ya pili jioni, vipele vilikuwa vimeshuka mikononi na nyayoni na vimejaa maji, na mtoto aliniambia, "Mjomba, nitoe hivi."

Asubuhi yake nilikwenda kwa mudiri.

Hakuniuliza lolote kuhusu alama. Aliita watu wake tu. Watu wa kubeba, hata hivyo, hawakupatikana. Wale wanne wa mwanzo walikuwa wamesikia kwamba mtoto huyu amechanjwa na bado ameugua. Wakaona chanjo haina maana, na wao hawagusi tena mgonjwa. Uongo wangu ulikuwa umekwisha kutembea mbele yangu. Nilisimama uani kwa mdogo wangu nikisema nitambeba mwenyewe, na mtumishi wa mudiri akinikataza kwa sababu chanjo yangu haikushika, kidonda kilikauka bila kutoa kitu, na aliuona mkono wangu.

Akaja yule mtu wa bara. Alikuwa na siku chache tu tangu atoke karantini na miguu yake bado haina nguvu. Alipiga hodi, akaingia, akamwinua mtoto pamoja na shuka yake, akamweka begani.

"Mie ndui ilishanila, ikaniacha," akasema. "Nitakaa naye."

Mkewe, ambaye chanjo yake ilishika vizuri, alichukua mkeka ule ule akamfuata. Na mdogo wangu akafuata nyuma yao mpaka penye mikoko, na pale palifungwa kamba, na askari mmoja alikaa kwenye gogo.

"Umechanjwa?" askari alimwuliza.

Mdogo wangu alinitazama mimi. Daftarini alikuwa amechanjwa. Askari akamwambia aonyeshe mkono. Mkono wake ulikuwa safi.

Hakupita. Alikaa pale kwenye kamba siku nne. Mke wangu alimpelekea chakula, akakirudisha. Nilimpelekea mwavuli wa jua, akaupokea, hakuufungua. Kutoka pale banda lilionekana paa lake tu. Asubuhi na jioni mke wa yule mtu wa bara alikuja mpaka umbali wa sauti, akaeleza: amekunywa uji, hajanywa uji, amelala, leo ameuliza kama ni Jumatatu.

Siku ya tano mwanamke yule alikuja, akasimama, akakaa chini mchangani, akafunika uso kwa kanga yake. Mdogo wangu akainuka akaenda kwenye kamba, na askari naye akainuka, lakini hakukuwa na haja. Mdogo wangu hakujaribu kupita. Alishika kamba kwa mikono miwili tu.

Mwanamke yule ndiye aliyemwosha mtoto. Mumewe ndiye aliyechimba kaburi, huko huko nyuma ya banda, na yeye na wagonjwa wawili waliokuwa wanapata nafuu ndio waliosali. Cheti cha sanda niliandika mimi. Nguo ilipelekwa mpaka kwenye kamba, ikaachwa juu ya gogo, ikachukuliwa.

Wiki moja baadaye nilimfuata yule mtu kibandani kwake. Nilikaa mlangoni, akanipa kigoda. Nilimwuliza mtoto alisema nini mwishoni. Nadhani alichagua la kunambia.

"Alimtaka mamake," akasema. "Tulimwambia mama yuko hapo nje, yuwasikia. Akawa anasema naye. Si maneno mengi." Kisha akasema, "Sheha, wewe ulinipeleka mie, nikapona. Sikukasirika. Usifikiri nilikasirika."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye nilimpeleka ndani ya nusu siku na mpwa wangu baada ya siku mbili. Nilimshukuru nikaondoka. Msimu uliofuata walirudi kwao bara, yeye na mkewe, na sikuwahi kuwafanyia jambo lolote la maana.

Kwa mudiri nilikwenda na daftari, nikalifungua mbele yake kwenye ukurasa ule, nikamwambia alama hizi mbili ni uongo, nilizitia mimi. Nilikuwa nimejiweka tayari kufukuzwa, hata kufungwa. Nilitaka. Alifumba macho kama kawaida yake.

"Nani mwingine ajuaye?" akauliza.

"Ndugu yangu na mke wangu."

"Mtoto amekufa?"

"Amekufa."

"Basi rudi kwako," akasema. "Ndui haijesha, na sina mwingine huko ajuaye kuandika." Akachukua kalamu yake, akazikata zile alama mbili kwa mstari mmoja mmoja, akanirudishia daftari.

Nikaendelea kuwa sheha. Watu waliendelea kuja na mbuzi wao na mipaka yao, nami nikaendelea kuwaamua, na waliridhika. Wengine walisema nimekuwa mpole zaidi. Sikuwa mpole. Nilikuwa nikisikia mtu akiniomba jambo, naogopa kukubali na naogopa kukataa, kwa hiyo nanyamaza, na wao wanadhani nafikiri.

Mdogo wangu alimaliza siku arubaini ndani. Nilipokwenda kumwona alikuwa anafunga vitu vyake, amekwisha amua kuhamia Gando kwa wakwe zake. Nilimwambia asiende. Nilimwambia makosa ni yangu.

"Mie ndiye niliyekuomba," akasema.

"Lakini mimi ndiye niliyekubali."

Aliendelea kukunja kanga. Alizikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Nilikuomba kama ndugu," akasema. "Weye ungenijibu kama sheha. Ungekataa, ningekukasirikia mwezi mmoja. Mtoto angelia na mkono wake siku tatu." Hakunyanyua sauti. Alisema kama mtu anayehesabu nguo. "Nilikwambia sitokulaumu, na sikulaumu. Ila kukutazama siwezi."

Huko Gando aliolewa tena na mvuvi mmoja mjane mwenye watoto wakubwa. Kila Idi nilikwenda kumwona, mimi na mke wangu. Alitupokea vizuri. Alipika, alituwekea mkeka mzuri, aliuliza habari za kila mtu wa mtaa. Kwa mke wangu alikuwa wifi kama zamani, wakikaa jikoni wakinong'ona. Mimi alinipa kahawa na kuniita Bwana Sheha. Tangu siku aliyohama hakuniita kaka. Nilipoacha usheha, vita vikiwa vimekwisha na kijana mmoja aliyesoma zaidi yangu ameshika daftari, nilimwambia habari hiyo siku ya Idi, nikitumaini. Akasema, "Alhamdulillahi, utapumzika," na alipotuaga mlangoni akasema, "Kwaheri, Bwana Sheha."

Mdogo wangu alikufa kwa homa ya siku chache. Habari ilitufikia asubuhi, nasi tukafika Gando kabla ya sala ya adhuhuri. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha. Sikumwona uso. Tulimsalia, tukambeba, nilipokea jeneza mara mbili njiani na mara mbili nikapokonywa, kama ilivyo desturi, kila mtu akitaka thawabu yake. Kaburini imamu aliuliza maharimu wake, ndugu wa kushuka naye, ni nani. Nikasema mimi ni kaka yake. Nikashuka, na mumewe akashuka, na mtu mmoja mzima wa pale akatusaidia upande wa miguu.

Nilimpokea kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tukamlaza kwa ubavu wake wa kulia, nikalegeza mafundo ya sanda kichwani, nikasogeza nguo kidogo na kuegemeza shavu lake kwenye udongo. Mumewe akaniambia tayari, tutoke. Nikamwambia ngoja. Nilikuwa nimeshika tu bega lake. Waliokuwa juu walisubiri. Kisha mmoja akanyoosha mkono, akanishika kwapani, akanivuta juu, na wengine wakaanza kupanga mbao.